Njia Panda ya Tollefson

Ijumaa, 9 Septemba 2022

Jeannine amekufa. Jeannine wa Elmer Tollefson, jirani yetu. Na aliyemgonga ni mwanangu Darcy.

Niandike mwenyewe kabla watu hawajaanza kunisimulia mambo niliyoyaona kwa macho yangu.

Jana mchana nilikuwa juu ya kombaini, shamba la kaskazini, ngano imebaki kipande kidogo. Simu ikalia — moto kwa Tollefson! Cheche za mashine zimeshika mabua, upepo unausukuma moto kuelekea nyumbani kwake. Hapa kwetu moto ukitajwa hakuna anayeuliza mara mbili. Unaacha ulichoshika, unapanda gari lenye tangi la maji, unakwenda. Elmer alikuja kwangu hivyo hivyo mwaka ule ghala langu lilipowaka. Nikachukua pikapu kubwa, Darcy akachukua yake. Mimi mbele, yeye nyuma. Barabara za changarawe sheria inasema kilomita themanini kwa saa. Nilikuwa mia na hamsini. Nani angekumbuka sheria? Moshi ulikuwa umeziba nusu ya mbingu!

Nikapita njia panda ya Tollefson. Kweupe. Kwenye kioo nikaona vumbi la Darcy likinifuata. Nikafika shambani, nikavuta mpira, nikaanza kumwaga maji. Darcy haji. Nikamtukana moyoni — huyu kijana amesimama wapi? Ndipo Lyle, jirani wa upande wa pili, akanijia mbio, kofia mkono mmoja, simu mkono wa pili. Akasema, Myron, rudi njia panda. Nikauliza kuna nini. Akarudia maneno yale yale.

Jeannine alikuwa anatoka nyumbani na kigari chake, amebeba maji na mikate ya kuwapelekea wazima moto. Mikate ilikuwa imetapakaa barabarani kote.

Moto tuliuzima. Nyumba ya Elmer imesimama, hata rangi haikubabuka.

Jumapili, 11 Septemba

Darcy yuko kwetu jikoni. Mbavu mbili zimevunjika, hapati usingizi, hali chakula. Ana miaka ishirini na tisa lakini anakaa kama alivyokuwa akikaa akiwa na homa, mikono chini ya mapaja.

Leo ameniuliza swali moja tu. Baba, wewe uliangalia kulia? Nikamwambia niliangalia. Akasema, na mimi niliangalia.

Mke wangu anakunja pirohi za msibani, yale maandazi ya viazi, tangu alfajiri. Nikamwambia, Marlene, utazipeleka kwa uso gani? Hakuinua kichwa. "Kwa uso huu huu. Kila msiba wa kijiji hiki nimeupikia. Sitaanza kujificha kwa Jeannine."

Jumatano, 14 Septemba

Tumemzika. Tulikaa kiti cha mwisho kanisani, sisi watatu, na viti viwili mbele yetu vilibaki vitupu. Watu wametuheshimu au wametuogopa, sijui.

Ukumbini baada ya maziko Elmer alikuja mezani kwetu. Jitu lile, suti imembana. Akamshika Marlene mkono. Akanishika mimi. Akampita Darcy bila kumshika. Kisha akarudi, akamwekea mkono begani — na akauondoa haraka, kama aliyegusa jiko. Akaenda zake.

Pirohi ziliisha zote.

Jumanne, 20 Septemba

Nimerudi kwenye meza ya kahawa pale kituo cha petroli. Siwezi kujifungia ndani milele. Wakongwe wote walikuwepo isipokuwa Elmer. Kiti chake hakuna aliyekikalia.

Walinyamaza nilipoingia, wakaanza kuzungumzia bei ya ngano kama watoto waliokutwa na sigara. Nikasema semeni tu, jamani. Lyle akaanza.

"Mimi nasema hivi, bwana. Spidi peke yake haiui mtu. Ujerumani kule wanakwenda mia mbili, tena mkono mmoja una soseji!"

"Ujerumani hakuna Lyle barabarani," akasema Bohdan. Tukacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile, na nikaona aibu.

Lyle akaendelea. Siku ile sote tulikwenda mbio. Mia na arobaini, hamsini, sitini. Magari dazeni nzima! Njia panda ile ile! Kama mwendo wenyewe ni hatari, mbona sisi wengine tumo humu tunakunywa kahawa? Darcy hakulewa. Hakuwa na simu mkononi. Jua lilikuwa nyuma yake, barabara imenyooka, mtu unaona hadi kesho. Ni bahati mbaya, basi. Nikaunga mkono, tena nikapiga meza. Nilikuwa na sauti kuliko wote.

Bohdan huendesha sabini, mvua au jua, na tangu ujana wetu tunamtania. Lyle akamgeukia: na wewe, mzee wa mwendo wa harusi, ulifika moto umeshastaafu!

Bohdan akakoroga kahawa yake. "Nilichelewa, kweli. Ndiyo maana mimi ndiye niliyemkuta Jeannine. Nyinyi mlikuwa mmeshapita wote."

Nimerudi nyumbani na hasira, na hasira yenyewe ni juu ya Bohdan, mtu ambaye hajanikosea kitu.

Ijumaa, 21 Oktoba

Polisi wamekuja. Wawili, vijana, wamevua kofia mlangoni. Darcy ameshtakiwa kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo. Leseni imechukuliwa.

Wamesoma kile kidude kilichomo ndani ya gari kinachotunza mwendo. Mia na hamsini na mbili. Hakupunguza kabisa. Breki alizishika akiwa amekwisha kumgonga.

Nikamwambia yule mkubwa wao: kijana, wewe si wa huku. Huku hatuangalii gari, tunaangalia vumbi. Gari lolote kwenye changarawe linanyanyua vumbi juu kuliko miti. Ukikaribia njia panda unatupa jicho kushoto, unatupa jicho kulia. Huoni vumbi, basi hakuna gari, unapita. Baba yangu alinifundisha hivyo, nami nimemfundisha Darcy. Hakuna anayepunguza mwendo pale. Hata pasta!

Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akasema barabara ya kutokea kwa Tollefson ilimwagiwa dawa ya kutuliza vumbi wiki ile ile. Kutoka langoni kwao hadi njia panda. Jeannine mwenyewe ndiye aliyeiomba halmashauri, kwa ajili ya kifua chake.

Na kando ya barabara ile, mstari wa miti ya kukinga upepo. Mirefu, imefungamana.

Marlene akakaa chini. Darcy alikuwa amesimama dirishani. Akasema, kwa hiyo nilikuwa naangalia kitu ambacho hakipo.

Jumamosi, 14 Januari 2023

Baridi kali. Theluji imeanguka siku mbili mfululizo, lango limezama.

Asubuhi nikasikia trekta. Elmer! Anaisukuma theluji kwenye njia yetu, kama afanyavyo kila mwaka tangu nifanyiwe upasuaji wa nyonga. Akasafisha hadi mlangoni kwetu, akageuza, akasafisha na mbele ya kijumba cha Darcy. Nilitoka na koti juu ya pajama, nikampungia mkono aje ndani anywe kahawa. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu ya barabarani, akaondoka.

Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Alhamisi, 20 Aprili

Tumekwenda mjini kwa wakili, Bi Gauthier. Mwanamke mfupi, anaongea haraka, hana muda wa kutuonea huruma na nimempenda kwa hilo.

Ameeleza hivi. Kupita kiwango cha mwendo, hata kwa mbali sana, hakutoshi peke yake kumfunga mtu kwa kosa hili. Jaji atajiuliza: mtu wa kawaida mwenye akili zake, mahali pale, siku ile, angeona kwamba ni hatari? Angefanya tofauti? Kama mtu huyo naye angekwenda mia na hamsini, basi Darcy alikosa sheria ya mwendo tu, akalipe faini. Kama asingekwenda, ni jela.

"Kwa hiyo namtafuta mtu wa kawaida," akasema, akaniangalia mimi. "Mkulima. Hajawahi kupata ajali. Anaheshimika. Alipita njia panda ile ile, kwa mwendo ule ule, kabla tu ya mtoto wake."

Nikamwambia umeshampata.

Kisha akatupa jambo la pili. Upande wa mashtaka uko tayari kupatana. Darcy akikiri, miaka miwili kasoro siku moja, gereza la karibu. Akipinga na kushindwa, inaweza kuwa minne. Inaweza kuwa mitano.

Darcy akasema papo hapo, nakiri. Baba, nataka kukiri. Nimechoka.

Nikasema hapana! Nilisema kwa nguvu hata karani wa nje akachungulia. Unakiri nini? Ulifanya alichofanya kila mtu. Ulikuwa unakwenda kuokoa nyumba ya jirani. Utabeba jina la mhalifu maisha yako yote kwa sababu wewe ulikuwa nyuma na mimi nilikuwa mbele? Nitasimama kizimbani nitasema. Waje wanifunge na mimi, na Lyle, na wilaya nzima!

Darcy akasema, sawa, baba. Kama unaona hivyo.

Tuliporudi Marlene hakuniongelesha hadi chakula cha jioni. Halafu akasema, "Myron, alikuwa ameshaamua. Ulimwona? Uso wake ulikuwa umetulia." Nikamwambia uso uliotulia hautamtoa gerezani.

Jumapili, 11 Juni

Kesho kesi. Nimepiga pasi suti mwenyewe. Ngano imeota vizuri, mvua imekuja kwa wakati wake. Nani anajali.

Jumanne, 13 Juni

Mashahidi hawaruhusiwi kuingia kabla hawajaitwa. Siku mbili nakaa kwenye benchi la ukumbini kama mtu anayesubiri daktari wa meno. Na leo Elmer naye alikuwa hajaitwa. Benchi ni moja tu.

Tulikaa. Yeye mwanzo, mimi mwisho, katikati kofia zetu. Tukazungumzia mvua. Tukazungumzia panzi, kwamba mwaka huu wameanza mapema. Sauti yake imekuwa nyembamba.

Baadaye akasema, bila kunitazama: "Watu wa mashtaka wananiuliza kama nina chuki na kijana wako."

Nikasema, Elmer, si lazima.

"Nimewaambia sijui. Nyumba yangu mliizima nyinyi. Kila siku naingia ndani yake, nafungua mlango, najiambia ingeungua tu. Ningekuwa na Jeannine ndani ya hema."

Mlango ukafunguliwa, wakamwita, akasahau kofia yake. Nimeishikilia mpaka alipotoka.

Jumatano, 14 Juni

Leo mimi.

Bi Gauthier aliniongoza vizuri. Miaka mingapi unaendesha barabara zile? Zaidi ya hamsini. Umewahi kugonga? Kulungu mmoja. Watu wakacheka, hata jaji. Nikaeleza habari ya vumbi, nikaeleza moto, nikaeleza kwamba mtu asiyekimbilia moto huku haalikwi tena popote. Nikasema nilipita pale mia na hamsini na nilijua ninachofanya. Nikasema hakukuwa na hatari yoyote, barabara ilikuwa wazi, naona kila kitu. Nilikuwa nimesimama wima. Nilimwona Darcy ananitazama, na niliona fahari, Mungu anisamehe.

Kisha mwendesha mashtaka. Kijana mwembamba, mpole, tai imepinda. Nikasema moyoni, huyu namla mzima.

"Mzee Hrynkiw, unasema unaona kila kitu."

"Kila kitu."

"Mwanao alikuwa mbali kiasi gani nyuma yako?"

"Karibu. Vumbi lake lilikuwa kwenye kioo changu."

"Dakika nzima?"

"Haifiki."

"Unakujua kwa Tollefson. Kutoka langoni hadi njia panda, mama wa umri wake, kigari kidogo, amebeba chakula. Ni dakika ngapi?"

Nikapiga hesabu. Nikaona inakoelekea.

"Moja na nusu. Mbili."

"Kwa hiyo wewe ulipokuwa unapita njia panda, Bi Tollefson alikuwa wapi?"

Mwaka mzima umekaribia kwisha. Nimeizungumzia siku ile kwenye meza ya kahawa, kwa wakili, kitandani. Sikuwahi kujiuliza swali hilo. Hata mara moja!

"Alikuwa barabarani," nikasema. "Nyuma ya miti. Anakuja."

"Ulimwona?"

Elmer alikuwa amekaa safu ya tatu, kofia magotini.

"Sikumwona."

"Hukumwona. Basi tumwache mwanao kidogo. Wewe mwenyewe, mzee, dakika ile, ulikuwa unaendesha kwa hatari au hukuwa?"

Bi Gauthier akaruka. Pingamizi! Hilo ni la jaji kuamua, si la shahidi! Wakabishana. Maneno ya kisheria mengi, nami nimeshika ubao wa kizimba. Jaji akatazama saa, akasema ataamua asubuhi kama nijibu au nisijibu. Akaniambia bado niko chini ya kiapo. Nisizungumze habari ya ushahidi wangu na mtu yeyote — si wakili, si mke wangu, si mwanangu.

Kwa hiyo naandika hapa, karatasi si mtu.

Aliniona. Hilo ndilo linanimaliza. Mimi sikumwona Jeannine, lakini yeye aliniona. Huenda aliona vumbi langu juu ya miti, akajisemea, Myron huyo, anakwenda motoni. Akangoja nipite. Magari mawili yakifuatana karibu vumbi lake huwa moja, refu kidogo tu. Alidhani ni langu peke yangu. Alidhani limekwisha kupita.

Angechelewa mimi ningepita salama na yeye angepita salama, nami ningeendelea kuamini kwamba naona. Angewahi kidogo tu, ningemuua mimi, wala si Darcy. Kwa mkono wangu sikufanya lolote la kuzuia hilo. Miaka hamsini sikufanya lolote. Nilikuwa naita bahati kwa jina la ustadi.

Chakula cha jioni tumekula bila neno. Marlene anajua haruhusiwi kuniuliza. Darcy alinisogezea chumvi kabla sijaiomba. Ananitazama na hanitazami. Ni mimi niliyemwambia asikiri! Ningefunga mdomo wangu Aprili angekuwa ameshaanza kutumikia kifungo, angetoka bado kijana.

Naweza kusema "hapana." Neno moja. Bi Gauthier angelitengeneza lililobaki. Huenda jaji hata asiniruhusu kujibu, na mimi nisiseme chochote, na ibaki hivyo.

Alhamisi, 15 Juni, asubuhi

Naandika kwenye maegesho ya mahakama, daftari juu ya usukani.

Nimeendesha mimi. Darcy mbele pembeni yangu, Marlene nyuma na mkoba wa mikate. Tulipotoka langoni nikashika themanini. Sikupanga. Mguu wenyewe haukukubali kwenda zaidi. Kwenye njia panda nilipunguza hadi karibu kusimama, nikainama juu ya usukani, nikaangalia nyuma ya miti. Majani tu. Nikavuka.

Darcy alikuwa anautazama mshale wa mwendo.

"Tutachelewa, baba."

"Hatuchelewi."

Kwenye lami Lyle akatupita anapiga honi, ananionyesha mkono, vipi mzee, gari limekufa? Anakuja kutuunga mkono, masikini. Nikabaki pale pale, kwenye kiwango. Magari yakajipanga nyuma yangu, yakanipita moja moja. Sijawahi kuendesha hivi tangu nipate leseni. Darcy aliutazama mshale mpaka mjini. Hakuuliza, nami sikumwambia kitu. Jaji alikataza maneno.

Tulipoegesha akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayenisaidia kushusha mzigo, "Sawa, baba. Nimeelewa."

Akavua saa yake. Ile tuliyompa alipomaliza shule. Akageuka nyuma akampa mama yake, akamwambia, nitunzie, mama. Marlene akaipokea kwa mikono miwili. Hakulia hadi Darcy aliposhuka.

Sasa amesimama kwenye ngazi, anazungumza na Bi Gauthier; naliona midomoni mwake lile neno la Aprili, nakiri. Wakili anabisha, naye anatikisa kichwa kwamba hapana, hapana. Wakili ananitazama kupitia kioo. Anakuja huku haraka. Anajua haruhusiwi kuniongelesha, lakini anakuja.

Elmer ameshaingia. Karani ametoka mlangoni, ananiita jina langu lote, kwa sauti, mara ya pili.